Randa kuukuu ya kilo 500 iko Muheza, umeme wa nyumbani Sahare ni fezi moja: ninunue au niache?

Swali la msomaji: "Shikamoo fundi. Mi ni seremala, nafanyia kazi nyumbani Sahare hapa Tanga, kwenye chumba cha uani. Nimepata randa ya zamani ya Uingereza, juu unanyoosha mbao chini unapunguza unene, upana inchi 12, mota ni HP 3 ya fezi tatu. Iko Muheza na muuzaji anasema inafika kilo 500, anataka milioni nne. Kwangu umeme ni fezi moja na sakafu ni ya kawaida ya nyumba. Ninunue? Na nikiinunua naifungaje? Au niongeze hela nichukue mpya ya Kichina?"

Marahaba mdogo wangu. Nimelisoma swali lako mara mbili kwa sababu nawaona vijana wengi wanaanzia kwenye bei, wanapigania laki mbili tatu na muuzaji halafu mashine inafika nyumbani inakaa chini ya turubai miezi mingi kwa sababu umeme haujafika au haipiti mlangoni. Anza na chuma chenyewe, halafu umeme, halafu sakafu, hela ndo iwe ya mwisho kutoka mfukoni.

Kwanza chuma. Kwenye randa kuna vitu viwili ambavyo vikiharibika humpati fundi wa kukurudishia kwa bei ya kueleweka, navyo ni zile meza mbili za juu na ngoma ya visu. Vingine vyote vinapatikana. Beringi zina namba imechongwa pembeni, ukishaitoa na kuisafisha unaisoma unaenda duka la spea unanunua, mashine ya Uingereza ya zamani sana bado inaweza kukubali beringi unayoipata mjini leo. Mikanda nayo ina namba. Mota inasukwa. Rangi usiitazame kabisa, na ukikuta mashine ya zamani imepigwa rangi mpya inang'aa hasa pale chini ya meza na kwenye miguu, hapo ndo ukague zaidi maana rangi inaficha nyufa.

Nenda Muheza na vitu vinne: rula ya chuma iliyonyooka ya mita moja (au chuma cha pembe ulichohakikisha kimenyooka), karatasi nyeupe za kawaida za kuandikia, mafuta ya taa kidogo na chaki. Safisha meza, weka rula juu yake kwa urefu, kwa upana, halafu kona kwa kona pande zote mbili. Kisha jaribu kupitisha karatasi chini ya rula. Karatasi moja ina unene wa karibu milimita 0.1, kwa hiyo ikipita moja tu sehemu fulani hiyo mashine ni nzima, utafanya nayo kazi ya kabati na milango bila shida. Zikipita mbili kwa pamoja bado unaweza kuongea bei. Zikipita tatu au nne katikati ya meza, maana yake meza imekunjika au imelika, na hiyo kazi ya kuisawazisha inataka karakana yenye mashine kubwa ya kukwangua chuma, gharama yake inaweza kula nusu ya bei ya kununulia. Hiyo ya kona kwa kona usiiruke, meza inaweza kuonekana imenyooka kwa urefu kumbe imejisokota, na mbao zote utakazopiga zitatoka zimejisokota hivyo hivyo na utakuwa unailaumu mbao.

Nyufa unazitafuta hivi: paka mafuta ya taa sehemu unayoitilia shaka, yaache yanywe dakika kumi, futa kabisa na kitambaa kikavu halafu sugulia unga wa chaki juu. Kama kuna ufa, mafuta yatatoka taratibu na utaona mstari mweusi mwembamba unajichora kwenye chaki. Zile mashine ni za chuma cha kumimina, kile ambacho ukikipiga nyundo kinakatika hakikunji, na ikidondoka kutoka kwenye gari mara moja tu mguu au kishikio cha meza unapasuka. Ukikuta sehemu imechomelewa uliza ilikuwaje, na kama ni karibu na ngoma ya visu achana nayo.

Ngoma sasa. Toa mkanda, izungushe kwa mkono taratibu huku kiganja kingine umekiweka juu ya nyumba ya beringi. Beringi nzima hausikii kitu, mbovu unaisikia kwenye ngozi kama inakwaruza mchanga kabla hata sikio halijasikia. Halafu ishike uinyanyue juu chini, kama inacheza jua unaenda kununua beringi, si tatizo ila ipunguze kwenye bei. Kitu ambacho hakina mjadala ni ngoma ya mraba. Ukiitazama kwa ubavuni ukaona ina pembe nne badala ya kuwa duara, usiinunue hata kama unapewa bure, maana ile ina nafasi kubwa kati ya pembe na meza na vidole vikiteleza vinaingia mpaka kwenye mkono. Ya duara ikikukamata inakuumiza, lakini ya mraba inachukua mkono. Hesabu pia skrubu za kukazia visu, zikiwa zimepungua au kichwa kimelika badilisha zote kabla ya kuwasha, kisu kikiruka kwenye mzunguko wa elfu nne kwa dakika hakuna cha kukizuia.

Na muuzaji akisema "haina umeme hapa siwezi kuiwasha" usimkatalie, ila bei iwe ya mashine isiyowashwa.

Sasa umeme, na hapa ntakaa kidogo maana ndo unapokwama.

Una njia tatu. Ya kwanza ni kuomba TANESCO wakuletee fezi tatu. Kabla hujaanza kujaza maombi toka nje uangalie nguzo inayokulisha. Kama waya zinazopita pale ni nne, fezi tatu ziko jirani yako, unachohitaji ni kuvutiwa na kuwekewa mita nyingine ya LUKU na kupanga upya waya za ndani, na hiyo inataka fundi mwenye leseni ya EWURA akusainie. Kama nguzo ina waya mbili tu, laini inabidi iongezwe kutoka mbali na gharama inapanda sana, usubiri upimiwe kwanza ndo uamue. Kama sa hivi uko kwenye ile tarifu ya matumizi madogo, ya chini ya uniti 75 kwa mwezi, ukianza kupiga mbao kila siku utatoka huko uingie tarifu ya kawaida na bei ya uniti itapanda kwa nyumba nzima, taa na friji humo humo. Hilo liingize kwenye bei zako za makabati mapema, wengi wanaligundua wameshachelewa.

Njia ya pili ni inverta, kile kiboksi kinachoingia fezi moja ya volti 230 kikatoa fezi tatu. Mi naipenda hii kwa mtu wa nyumbani mwenye mota moja, lakini ina sharti ambalo wauza duka hawakwambii. Inverta ya kawaida ya fezi moja inatoa fezi tatu za volti 230, haipandishi mpaka 400. Kwa hiyo nenda kasome kibao cha mota. Kikiandikwa 230/400 au 220/380, mota inaweza kufungwa delta (waya zake zinaungwa kwa pembetatu) ikala 230, uko salama. Kikiandikwa 400/690 au 380/660, haikufai. Na hizi za Uingereza za zamani nyingine kibao kimeandika 415 peke yake, hapo fungua boksi la waya uangalie ndani: zikiwa nati sita na zimefungwa sta (waya zimeungwa kwa nyota) fundi atazigeuza delta, lakini zikiwa tayari ni delta kwa hiyo 415 haikufai; zikiwa zimetoka waya tatu tu mara nyingi maana yake ile sta imeungwa ndani kabisa ya mota, inabidi uipeleke kwa msuka mota aifungue atoe waya sita. Kazi hiyo anaiweza akiwa mzoefu, si lazima asuke upya yote.

Ukifunga inverta, kuna mambo fundi wako wa umeme asiyafanye. Asiweke swichi kati ya inverta na mota, kila kitu kiwashwe kupitia inverta yenyewe, la sivyo siku moja utazima swichi katikati ya kazi na kiboksi kitakufa. Ipange ipande taratibu kama sekunde tano mpaka nane, hapo mota haivuti mkupuo na taa za jirani hazizimiki. Ibaki 50 Hz, usiichezee kupunguza mwendo, visu vikizunguka pole mbao inatoka na mawimbi. Na ikae ndani ya boksi lililofungwa au ukuta wa upande wa pili, vumbi la mbao likiingia kwenye feni yake haichukui muda. Ile ya HP 3 upande wa kuingilia inaweza kuvuta karibu ampia 20 na kitu, kwa hiyo usiichomeke kwenye soketi ya ukutani ya kawaida, inataka waya wake kutoka kwenye bodi na bereki yake (ile swichi inayokata umeme ukizidi).

Njia ya tatu ni kutoa mota ya fezi tatu kuweka ya fezi moja ya HP 3. Inawezekana na ndo rahisi kueleweka, ila HP 3 ni kama mwisho wa fezi moja ya nyumbani, na hapa unene wa waya ndo unaamua. Mota ya namna hiyo ikikimbia inavuta karibu ampia 14, lakini sekunde ile ya kuanza inaweza kufika 70. Tuseme chumba cha uani kiko mita 30 kutoka kwenye bodi, ukavuta waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5: njia ya kwenda na kurudi ni mita 60, ukinzani wake ni kama omu 0.42, zidisha kwa 70 unapoteza volti 29 pale pale. Na kama ni jioni kila mtu kawasha na umeme wa Sahare umeshashuka mpaka 210, mota inapata 180, inanguruma haizunguki, inachemka. Waya wa 6 unapoteza kama volti 12 tu. Waya wa 1.5 usiuongelee hata. Ndo maana utasikia mtu anasema mota za fezi moja ni mbovu zinaungua, mara nyingi iliyoiunguza ni waya.

Njia yoyote utakayochukua, hakikisha umeme ukikatika na kurudi mashine haiwaki yenyewe. Iwe na starta ya kubonyeza, kijani na nyekundu, au inverta ipangwe hivyo. Umeme unakatika, unainama kutoa kipande kilichokwama, unarudi. Sihitaji kumalizia. Na ethi iwe ya kweli, ile nondo imechimbiwa na kupimwa, chuma cha kilo 500 unachokiegemea siku nzima kwenye unyevu wa bahari si mahali pa kubahatisha.

Kwenye sakafu nitakuwa mfupi. Sakafu ya kawaida ya chumba ni zege jembamba na plasta juu, miguu minne ya kilo 500 inayotetemeka itaipasua. Vunja pale mashine itakapokaa tu, mwaga zege la inchi 5 au 6, liache lishike angalau wiki tatu nne unamwagilia ndo ulete mzigo. Lakini kabla hujavunja pima urefu! Mbao zetu ni futi 12. Unahitaji futi 12 nyuma ya visu na futi 12 mbele yake, hiyo ni zaidi ya mita 7 kwa mstari mmoja na chumba cha uani hakina hiyo. Dawa yake ni kuiweka mashine mlalo ambao mbao inaingilia mlangoni na kutokea dirishani, kwa hiyo kimo cha meza kutoka chini ukilinganishe na kizingiti cha dirisha, meza nyingi ni karibu sentimita 85. Ni kazi ya kuchora chini na chaki nusu saa, na ukishamwaga zege huwezi tena kubadili mawazo.

Kuisafirisha tafuta Kenta, kirikuu usiipakie hiyo. Toa vitu vinavyotoka: mota, fensi (kile chuma cha kuegemezea mbao), na meza kama zinafunguka, utapunguza uzito vizuri tu na pia utazilinda. Usiwaruhusu vijana wainyanyue kwa kushika meza au ngoma, kamba au mkanda upite chini ya mwili wenyewe. Kuishusha tumia cheni bloku au ubao mnene wa mteremko na kamba ya kurudishia nyuma, na chini isukume juu ya mabomba ya inchi moja na nusu ukisaidiwa na mtaimbo, watu wanne wanatosha. Asiwepo mtu upande inakoelekea. Ikianza kulala iacheni ilale, hakuna mtu anayezuia kilo 500 na mgongo.

Ikishakaa usikimbilie kuifunga rolibolti, zile bolti za kushikia kwenye zege. Weka pima maji juu ya meza, ingiza vipande vya bati chini ya mguu ulio hewani mpaka miguu yote minne ibebe uzito sawa, ndo ukaze kidogo kidogo. Ukikaza mguu ulio hewani unauvuta mwili wote wa mashine na meza iliyokuwa sawa Muheza inajisokota Sahare. Rudia rula na karatasi baada ya kukaza.

Halafu visu, na hapa ndo utofauti wa randa inayofanya kazi na ya kusumbua. Chomoa umeme kabisa. Meza ya kutokea lazima iwe sawa na ncha ya kisu kikiwa juu kabisa. Chukua kibao kidogo kilichonyooka, kiweke juu ya meza ya kutokea kipite juu ya ngoma, weka alama ya penseli pale ukingo wa meza ulipo, zungusha ngoma kwa mkono. Kisu kitakigusa kibao na kukivuta mbele kidogo. Weka alama nyingine. Kikisogea kama milimita 3 hapo ndo penyewe, na kila kisu, upande wa kushoto na kulia, kisogeze kibao umbali ule ule. Kisipoguswa kabisa kisu kiko chini, mbao itagota kwenye ukingo wa meza. Kikivutwa sana kisu kiko juu, na mwisho wa kila mbao utaona kashimo pale mbao inapodondoka kutoka meza ya kuingilia. Kaza skrubu kuanzia katikati kwenda pembeni, mzunguko wa kwanza kwa wepesi, wa pili kwa nguvu. Kabla ya kurudisha mkanda washa mota peke yake uone inazunguka upande gani, ikiwa kinyume na mota ni ya fezi tatu, zima umeme ubadilishane waya mbili kati ya zile tatu za fezi zinazoingia kwenye mota; ya fezi moja mwachie fundi wa umeme.

Ukiwa unapiga mitiki ya shamba la miti la Longuza jiandae kunoa mara kwa mara, ile mbao ina silika ndani yake, inakula makali ya visu vya kawaida haraka kuliko mninga. Vumbi usilichukulie poa. Mvule na mninga zinawasha pua na ngozi watu wengi, na tangu 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa limeliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha kansa kwa binadamu. Na karakana yako iko uani, watoto na jiko viko pale pale. Nunua kifyonza maranda hata kidogo, vaa barakoa ya vumbi, kitambaa cha kufunga puani hakizuii ule unga mwembamba. Glovu usivae ukiwa kwenye randa, zinavuta mkono ndani.

Chumvi ya bahari huko Sahare utaiona wiki ya kwanza tu, asubuhi meza imeota kutu rangi ya chungwa. Paka nta ya nyuki iliyolainishwa na tapentaini, sugua mpaka ikauke, mbao itateleza na kutu itakaa mbali. Zile dawa za kupuliza zenye silikoni ziache, zinahamia kwenye mbao na vanishi inakataa kushika. Usiku funika na shuka la pamba au blanketi kuukuu, nailoni inafungia jasho ndani, msimu wa masika inafanya mambo kuwa mabaya zaidi kuliko kutofunika.

Kuhusu mpya ya Kichina. Kuna nzuri, sisemi zote. Lakini kwa bei inayokaribia ya huyo wa Muheza utapata yenye meza nyepesi na mwili wa bati, itafanya kazi ya mbao laini na kabati ndogo, ukiipitishia mninga wa inchi 10 mfululizo inatetemeka na mbao inaonesha. Kama kazi zako ni milango na vitanda vya mbao ngumu mi ningekwenda na ya zamani, mradi tu karatasi na chaki zimesema ndiyo. Kama huna muda wala mtu wa kukusaidia kuifufua, chukua mpya upate na risiti na mtu wa kumrudia.

Ukienda Muheza piga picha ya kibao cha mota kwa karibu, namba za volti zisomeke, na nyingine ya ndani ya boksi la waya, unitumie kabla hujatoa hata advansi, nikwambie kama inverta inatosha au mota inapita kwanza kwa msuka.